Yoga ya Nyumbani: Mtindo Ndio Unaoamua Nyenzo

Mtu aliyezoea darasa moja la yoga na sasa anatamani kujaribu mtindo mwingine akiwa nyumbani kwake hukutana kwanza na wingi wa majina: Hatha, Ashtanga, Iyengar, Vinyasa, Yin, Bikram, Kundalini. Akiandika lolote kati ya hayo kwenye simu, huletewa video nyingi kuliko anazoweza kuzitazama mwaka mzima, na kwa kuwa hana kipimo cha kuzichagua, huishia kuchukua ile iliyotazamwa na wengi au ile yenye mwalimu mchangamfu. Naona hapo ndipo wengi wanapopotea. Video huchaguliwa kabla mtindo haujaeleweka, ilhali kila mtindo una jambo moja unalolidai kwa mwanafunzi kuliko mengine yote, na jambo hilo ndilo linalopaswa kuamua kama anahitaji kitabu, karatasi moja yenye picha, sauti ya mwalimu, saa tu, au mwalimu aliyesimama mbele yake.

Majina yenyewe yanatisha kuliko inavyostahili, kwa sababu kadhaa kati yake yametoka katika ukoo mmoja. Hatha, kwanza, ni jina la jumla la yoga ya mwili, lenye mizizi katika maandiko ya Kisanskriti kama Hatha Yoga Pradipika ya karne ya 15, ambayo inaeleza mikao 15 tu. Darasa likitangazwa siku hizi kwa jina hilo, kwa kawaida ni darasa la mwendo wa taratibu. Ashtanga na Iyengar, ambazo ukizitazama kwa mbali hazifanani hata kidogo, zilitoka kwa mwalimu mmoja, Tirumalai Krishnamacharya (1888–1989), aliyefundisha katika jumba la kifalme la Jaganmohan mjini Mysore, kusini mwa India, kuanzia mwaka 1933, chini ya ufadhili wa Maharaja Krishna Raja Wadiyar wa Nne. Wanafunzi wake wa wakati huo walikuwa hasa wavulana, na aliwafundisha mikao ya nguvu iliyounganishwa kwa miruko na kwa hesabu ya pumzi. Pattabhi Jois (1915–2009) alibaki Mysore na kuyaendeleza mafunzo hayo kwa jina la Ashtanga. B.K.S. Iyengar (1918–2014), ambaye dada yake aliolewa na Krishnamacharya, alikuwa kijana dhaifu aliyekwisha kuugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 18, alipelekwa Pune, mji wa magharibi mwa India, kufundisha, na huko, mbali na mwalimu wake na akiwa na mwili usiokubali kila kitu, akaanza kuuchunguza mkao mmoja mmoja kwa undani ambao haukuwa desturi ya Mysore. Yuko pia mwanafunzi mwingine, Indra Devi, mzaliwa wa Riga, aliyefungua studio Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, na yuko T.K.V. Desikachar, mwana wa Krishnamacharya, aliyeshikilia mafunzo ya uzeeni ya baba yake, ambamo zoezi hubadilishwa kulingana na umri na afya ya kila mtu. Ukishaujua ukoo huu, huna sababu ya kuuliza mtindo upi ndio yoga ya kweli. Lililobaki ni kuuliza mtindo unaoutaka unashikilia nini.

Ashtanga inashikilia mfuatano. Mikao yake imepangwa katika mifululizo sita, na anayeanza hufanya mfululizo wa kwanza tu, mkao baada ya mkao, bila kuruka wala kubadilisha, karibu kila mmoja kwa pumzi tano. Huko Mysore kila mwanafunzi hufanya kwa kasi yake mwenyewe ndani ya chumba kimoja, naye mwalimu humpa mkao unaofuata anapoona yuko tayari. Kwa sababu mpangilio haubadiliki, nyenzo bora ya nyumbani ni karatasi moja yenye picha ndogo za mikao kwa utaratibu wake, iliyobandikwa ukutani usawa wa macho. Video inasaidia siku za mwanzo, kujua kwamba Salamu ya Jua, yaani mfuatano mfupi wa kuupasha mwili moto, ya kwanza ina hatua 9 na ya pili 17, na kila hatua inakwenda na pumzi ya kuingia au ya kutoka. Baada ya hapo inageuka kizuizi, kwa sababu humfanya mtu afuate pumzi ya mwingine. Mfululizo wote huchukua kama saa moja na nusu, na hakuna haja ya kuubeba wote. Salamu za Jua, mikao michache ya kusimama, na mikao mitatu ya kukaa inayofunga zoezi inatosha kabisa kwa miezi ya kwanza, na utaratibu wa kale wenyewe unaruhusu hivyo.

Vinyasa, iliyochipuka katika Ashtanga na kusambaa sana Marekani, imeacha mfuatano wa kudumu. Mwalimu hutunga mpangilio mpya kila mara, na mwili husogea karibu bila kusimama. Hapa video au sauti iliyorekodiwa ndiyo nyenzo halisi, kwa kuwa mtunzi ni mwalimu. Yin iko upande mwingine kabisa: mikao michache ya kukaa na kulala, kila mmoja ukishikiliwa dakika tatu hadi tano, misuli ikiwa imelegezwa ili uzito uvute taratibu tishu zinazozunguka viungo. Mtindo huu ulianza na Mmarekani Paulie Zink mwishoni mwa miaka ya 1970 na ukaenezwa na Paul Grilley, na nyenzo zake ni mito, blanketi na kengele ya simu. Kumtazama mtu amelala bila kujongea kwa dakika tano hakumfundishi mtu chochote, nami nawashangaa wanaolipia video za namna hiyo. Bikram, yenye mikao 26 na mazoezi mawili ya pumzi katika chumba kilichopashwa joto la nyuzi 40 hivi za Selsiasi, siipendekezi nyumbani; anayevutiwa na mpangilio wake anaweza kuufanya katika joto la kawaida bila kumwomba mtu ruhusa, kwani mwaka 2015 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kwamba mfuatano wa mikao hauwezi kuwa mali ya hakimiliki.

Nitakaa zaidi kwenye Iyengar, kwa sababu nauona kuwa ndio mtindo unaomfaa zaidi mtu anayejifunza peke yake chumbani, na pia kwa sababu nyenzo zake hueleweka vibaya kuliko za mitindo mingine. Unachoshikilia mtindo huu ni usahihi wa namna mwili unavyopangwa. Mkao hushikiliwa nusu dakika, dakika moja, au zaidi, ili mtu apate muda wa kuona kisigino kinafanya nini, goti linaelekea wapi, mbavu zimefunguka au zimejikunja. Na pale mwili usipofika, hauvutwi. Sakafu ndiyo inayosogezwa uliko mwili, kwa tofali, kiti, mkanda, blanketi au ukuta.

Mfano mmoja utaonyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko maelezo ya jumla. Katika mkao wa pembetatu, Utthita Trikonasana, mtu hupanua miguu kiasi cha mita moja, akageuza mguu wa kulia nje nyuzi 90 na wa kushoto ndani kidogo, akanyoosha mikono usawa wa mabega, kisha akainama upande wa kulia hadi mkono ukafika kwenye kifundo cha mguu. Maelekezo haya yanapatikana kila mahali, na anayeyafuata kwa bidii mara nyingi hufika chini akiwa ameharibu mengine yote: goti la kulia limegeukia ndani, makalio yametoka nyuma, kifua kinatazama sakafu, na mbavu za kulia zimejikunja. Sasa arudie akiwa na ukuta mgongoni, visigino vikiwa karibu nao. Bega la kushoto likiachana na ukuta, atajua papo hapo kwamba kifua kimeanguka mbele, wala hahitaji mtu wa kumwambia. Kisha aweke kiti karibu na mguu wa kulia na kuuweka mkono juu ya kiti badala ya kifundo. Ubavu wa chini hurefuka ukalingana na wa juu, pia ya goti hutazama upande mmoja na vidole vya mguu, na pumzi, iliyokuwa imebanwa, hurudi. Mkao huu wa pili hauonekani wa kuvutia kwenye picha, lakini ndio wenye kazi, na mtu akiufanya hivyo kwa miezi kadhaa atashuka kutoka kwenye kiti hadi kwenye tofali bila kulazimisha.

Vifaa hivyo havihitaji kuagizwa. Kanga iliyokunjwa kwa urefu wake na kuzungushwa kwenye unyayo hufanya kazi ya mkanda pale mtu anapolala chali na kuinua mguu mmoja ulionyooka. Inashika hata vizuri kuliko mikanda mingine ya nailoni, ila inabidi kufunga fundo pale mkanda ungetumia kishikizo. Tofali la saruji ni kali kwa mkono na linakwaruza sakafu, hivyo livishwe kitambaa kizito, au patumike vitabu vinene viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Kiti cha plastiki hupinda miguu na kuteleza juu ya vigae. Kile cha chuma cha kukunja, kikiegemezwa ukutani, ni salama zaidi. Blanketi liwe gumu kiasi, kwa sababu yale laini yenye manyoya hubonyea na mtu hubaki pale pale alipokuwa. Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa kulala, lakini kwa mikao ya kusimama huteleza, na ni heri kusimama pekupeku juu ya sakafu tupu na kavu kuliko juu yake.

Kitabu kikuu cha mtindo huu ni Light on Yoga, alichokiandika Iyengar na kuchapishwa mwaka 1966, chenye mikao 200 na picha karibu 600. Kina thamani kubwa, ila msomaji ajue amekishika kitabu cha namna gani. Picha zinamwonyesha mwandishi mwenyewe, akiwa amefika mwisho wa kila mkao, bila kiti wala tofali, kwa sababu vifaa hivyo vilipata umbo lake kamili katika miaka mingi ya kufundisha Pune, hasa baada ya taasisi yake kufunguliwa mwaka 1975. Ratiba iliyo mwishoni inakwenda hadi wiki ya 300. Anayeanza akitumie kujua jina, mpangilio na tahadhari za kila mkao, na asijilinganishe na picha. Vitabu na masomo ya baadaye ya walimu wa mtindo huu, yanayoonyesha kila mkao na vifaa vyake, ndiyo yanayomfaa zaidi aliye nyumbani, na kama bajeti inaruhusu kitabu kimoja tu, ningechagua cha namna hiyo kabla ya kile cha mwaka 1966.

Uko mkao mmoja ambao sipendi mtu aujaribu kwa kutazama picha peke yake: kusimamia mabega, Salamba Sarvangasana. Katika Iyengar mabega na mikono ya juu huwekwa juu ya mablanketi matatu au manne yaliyokunjwa vizuri, kichwa kikibaki chini sakafuni, ili shingo isikunjwe kupita kiasi. Blanketi likikunjwa vibaya au mtu akiteremka nusu ya mabega, uzito wote hurudi shingoni, na yeye mwenyewe haoni. Mwenye glakoma aache kabisa mikao yote ya kichwa chini miguu juu, kwa sababu huongeza shinikizo ndani ya jicho. Mwenye shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa, mjamzito, na mwenye tatizo la diski za uti wa mgongo wamwone daktari kabla ya kuanza mtindo wowote mpya, hata ule unaoitwa mpole. Kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini yasiyo na chanzo mahsusi, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba yoga huleta nafuu ndogo hadi ya wastani katika utendaji wa mgongo ikilinganishwa na kutofanya mazoezi, na pia kwamba wapo walioongezewa maumivu ya mgongo nayo. Yote mawili yakumbukwe kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye video, kwa sababu hata aliyechagua mtindo wake vizuri atazihitaji mahali fulani. Shida yake kubwa iko shingoni. Mtu aliye katika mkao wa mbwa anayetazama chini, viganja na nyayo zikiwa sakafuni na makalio juu, hawezi kuiona simu bila kuinua au kugeuza kichwa, na kufanya hivyo kunavuruga mkao ambao shingo inatakiwa iwe imelegea. Njia bora ni kuitazama video yote kwanza ukiwa umekaa, ukaandika mikao kwa utaratibu wake, kisha ukafanya bila skrini au kwa kusikiliza sauti peke yake. Hii inatoa pia kipimo cha kuchagulia: video nzuri ni ile inayofuatika macho yakiwa yamefumbwa, yaani mwalimu anataja upande, mguu, pumzi na namna ya kutoka kwenye mkao, bila kutegemea kuonekana. Wengi hueleza vizuri kuingia na kusahau kutoka, ilhali ni wakati wa kutoka ambapo mgongo huumizwa. Chaneli ya Yoga With Adriene, iliyoanza mwaka 2012 na kufuatwa na mamilioni ya watu, ni ya bure na mwalimu wake huongea taratibu, lakini yaliyomo ni mchanganyiko wa Hatha na Vinyasa. Anayetafuta Ashtanga kamili au Iyengar hatazipata humo. Na kwa anayenunua bando, video moja iliyopakuliwa mara moja na kurudiwa kwa mwezi mzima ina faida kuliko mpya kila asubuhi, kwa mfuko na kwa mwili vilevile.

Zipo nyenzo za serikali na mashirika ambazo watu wetu hawazitumii vya kutosha. Baada ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kupitisha, Desemba 2014, kwamba tarehe 21 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, wizara ya India inayosimamia tiba asilia, Ayush, ilitoa kijitabu cha bure chenye mpangilio mmoja wa kama dakika 45 kwa watu wa kila umri. Tarehe 21 Juni 2021 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wizara hiyo, lilizindua programu ya simu iitwayo mYoga. Zote mbili ziko karibu na Hatha ya polepole, na kwa mtu asiyejua aanzie wapi ni mahali salama kuliko video ya kubahatisha.

Kijitabu hicho huanza kwa dua fupi ya Kisanskriti, na hapo ndipo wasomaji wengi, Waislamu kwa Wakristo, husita. Kusita huko kuna uzito na hakupaswi kupuuzwa. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilikataza yoga inayochanganya mikao, ibada na mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa. Baraza la Maulamaa la Indonesia, mwaka 2009, lilikataza ile yenye mantra na ibada lakini likaruhusu mazoezi ya mwili peke yake. Na mwaka 2017 Saudi Arabia iliiingiza yoga katika orodha ya shughuli za michezo. Mitindo hailingani katika jambo hili. Darasa la Ashtanga la desturi huanza kwa mantra, la Iyengar kwa wito wa Kisanskriti kwa Patanjali, mwenye hekima wa kale wa yoga, Kundalini iliyoenezwa na Yogi Bhajan ina mantra karibu mwanzo hadi mwisho, na Yin mara nyingi haina kabisa. Aliye nyumbani ana uhuru ambao wa darasani hana: karatasi ya Ashtanga bila wimbo wa kufungulia inabaki na mikao ile ile na pumzi zile zile, wakati Kundalini ikiondolewa mantra haibaki na kitu kikubwa. Kila mtu apime kwa imani yake, akishajua nini kimo ndani.

Pamoja na nyenzo zote hizi, mwalimu anahitajika mara moja moja, na vyeti vya walimu navyo vinachanganya. Yoga Alliance, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999, huorodhesha shule na wahitimu wa kozi za saa 200. Kuwemo katika orodha yake kunaonyesha kwamba mtu alimaliza kozi, bila kueleza aliimaliza kwa kiwango gani. Cheti cha Iyengar hutolewa baada ya miaka kadhaa ya kujifunza na kwa kupimwa na jopo la walimu wakubwa. Dar es Salaam, kituo cha utamaduni cha India kimekuwa kikifundisha yoga kwa wananchi, na Nairobi, Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, imewafunza vijana wengi wa mitaani kuwa walimu, hasa wa Vinyasa ya nguvu, kwa hiyo anayetafuta mwalimu katika jiji hilo ana uwezekano mkubwa wa kukutana na mtindo huo. Kuhusu kuguswa na mwalimu, mwanafunzi ana haki ya kukataa bila kutoa sababu. Baada ya kifo cha Pattabhi Jois wanafunzi wake kadhaa wa kike walieleza hadharani kwamba aliwashika isivyostahili kwa kisingizio cha kuwarekebisha, na tangu hapo walimu wengi makini huomba idhini kwanza.

Anayefanya mazoezi nyumbani asimwendee mwalimu kwa darasa la jumla. Aombe kikao kimoja cha mikao mitatu anayoifanya kila siku, aulize kila mmoja unahitaji kifaa gani na wapi, aandike majibu, na kikao kikiisha arudi kwenye karatasi yake. Kama mwalimu yuko mbali, video fupi zinatosha, mradi zipigwe simu ikiwa imesimamishwa usawa wa nyonga, moja kutoka mbele na moja kutoka ubavuni, mwili wote ukionekana kuanzia visigino hadi vidole vya mikono, na nguo zisiwe pana kiasi cha kuficha magoti.